Ukikuta uvimbe kwenye moyo wa mtoto aliye tumboni au kichanga, anzia hapa

Kuna kipindi nililetewa mama mwenye mimba ya wiki 28, kaja na karatasi imekunjwa mara nne ndani ya pochi, na kwenye karatasi kumeandikwa "uvimbe kwenye moyo wa mtoto, rufaa" basi, hakuna kingine. Ila kwa mdomo huko alikopimwa kaambiwa ni kansa. Kakaa na hilo neno siku sita, hali vizuri, halali, mume keshaanza kuuliza kwao kuna nini. Nikamlaza, nikapaka jeli, nikaviona vile vitu viwili vinang'aa, kimoja kwenye ukuta wa kati wa moyo na kingine huku chini kwenye ncha ya chumba cha kushoto, damu inapita vizuri tu, moyo unadunda 142 kwa dakika, hakuna maji popote. Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Nikamwambia mama, hii sio kansa, na uwezekano mkubwa hivi vitu vitapungua vyenyewe akishazaliwa, ila kuna kazi nyingine tutakayoifanya mimi na wewe na hiyo sio ya moyo, ni ya kichwa.

Naandika kwa ajili ya wenzangu mnaoshika proubu ya ultrasaundi, wakunga, matabibu wa hospitali za wilaya, na wazazi ambao mmeshapewa hilo jibu na mko usiku mnatafuta mtandaoni. Uvimbe wa moyo kwa watoto ni adimu kweli, unaweza kufanya kazi miaka usikutane nao. Lakini mtoto akiwa nao zaidi ya asilimia 90 sio wa kansa. Kwahiyo hilo neno msilitupie watu kabla hamjajua mnaongelea nini.

Hakikisha kwanza ni uvimbe kweli

Moyo wa mtoto tumboni una vitu vingi vinavyong'aa. Cha kwanza kinachodanganya ni lile doa jeupe dogo la milimita 2 au 3 kwenye misuli inayoshika nyuzi za valvu, ukishusha mwanga wa mashine linabaki linang'aa kama mfupa na linacheza juu chini pamoja na valvu. Hilo sio uvimbe. Cha pili ni mkanda wa misuli unaokatiza ndani ya chumba cha kulia cha chini karibu na ncha, huo kila mtu anao, mimi na wewe tunao. Cha tatu, mama mwenye kisukari, ukuta wa kati wa moyo wa mtoto unanenepa mzima mzima mpaka unafikiri kuna kitu, lakini ukifuatilia huoni mpaka, ni unene tu umesambaa. Na kwa kichanga aliyelazwa wodini akawekewa mpira wa kitovuni, kitu kinachoning'inia kwenye chumba cha kulia cha juu fikiria kwanza donge la damu.

Uvimbe wa kweli una mpaka wake, unauona kwa pembe mbili tofauti, na unabaki palepale kila ukirudi. Ukiona kwa pembe moja tu na ukigeuza proubu kinapotea, usiandike uvimbe. Mwambie mama arudi baada ya wiki moja mbili, au mtume kwa mwenye mashine nzuri zaidi, na kwenye karatasi andika ulichokiona sio ulichokiogopa.

Kuangalia vyumba vinne peke yake haitoshi pia. Telezesha proubu taratibu kuanzia tumbo la mtoto kwenda juu mpaka mishipa mikubwa inapotokea, maana uvimbe mwingine umekaa kwenye mlango wa kutokea damu na ukisimama kwenye vyumba vinne tu utasema moyo uko sawa. Ule mwingine umekaa nje ya moyo kabisa, ndani ya mfuko unaouzunguka, na huo ndo unaoua haraka.

Huu ni uvimbe gani

Huhitaji kukata kinyama. Mara nyingi mahali ulipo, idadi na sura yake vinakwambia.

Rabdomayoma ndo mwenye nyumba, sehemu kubwa ya uvimbe wa moyo tumboni na kwa vichanga ni huu. Mara nyingi yako madonge kadhaa, ya mviringo, yanang'aa sawasawa kuliko misuli inayoyazunguka, hayana maji ndani, yamezama kwenye kuta za vyumba vya chini na ukuta wa kati. Yanaanza kuonekana wiki ya 20 na kuendelea, mengi yanaonekana baadaye zaidi, kwahiyo mama aliyepimwa wiki ya 20 akaambiwa kila kitu safi halafu wiki ya 30 yakaonekana hajadanganywa na mtu. Yanakua mpaka kama wiki ya 32 hivi, halafu yanapunguza kasi, na mtoto akizaliwa yanaanza kusinyaa, mengine yanapotea kabisa ndani ya miaka ya mwanzo. Inaaminika homoni za mama ndo zinazoyakuza, ndo maana yakitoka kwenye hiyo supu yanarudi nyuma.

Teratoma ni mtu tofauti kabisa. Ni moja, limechanganyika, kuna sehemu ngumu na sehemu zenye vifuko vya maji, limeshikilia pale mishipa mikubwa inapotoka kwenye moyo, liko ndani ya mfuko wa moyo, na karibu kila mara kuna maji yamejaa kwenye huo mfuko. Yale maji ndo adui, yanaubana moyo usijae. Linakua haraka. Nikiona sura hii sisemi njoo baada ya mwezi, nasema kesho.

Fibroma nalo ni moja, kubwa, limekaa kwenye ukuta wa chumba cha kushoto au ukuta wa kati, na katikati yake unaweza kukuta chokaa inang'aa. Hili halisinyai kama rabdomayoma. Shida yake kubwa ni mapigo, linachafua umeme wa moyo mpaka mtoto anaweza kufa ghafla. Wachache wao wana ugonjwa wa kurithi unaoitwa Gorlini.

Hemanjioma ni kichaka cha mishipa ya damu, linapenda chumba cha kulia cha juu, nalo linaleta maji kwenye mfuko wa moyo. Mengine yanapungua yenyewe, na kuna watoto wamepewa propranololi au steroidi likarudi nyuma. Miksoma, ambayo kwa watu wazima ndo maarufu, kwa vichanga karibu huioni.

Maswali matatu yanayoamua kama ni dharura

Aina ukishaikisia, acha kuhangaika na jina. Kinachoamua mtoto ataishi vipi ni haya matatu, nami nayauliza kwa mpangilio huuhuu kila siku.

Damu inapita? Washa rangi ya Dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita, pita kwenye kila valvu na kwenye milango yote miwili ya kutokea. Rangi ikivurugika na kasi kupanda, kuna mbano. Angalia ule mshipa wa kichanga unaounganisha mapafu na mshipa mkuu, yaani daktasi, tumboni damu inatakiwa ielekee upande mmoja, ukiona inarudi nyuma jua upande fulani wa moyo umezibwa na mwili unajitafutia njia ya panya. Tumboni mtoto anaweza kuvumilia mbano mkubwa bila dalili kwa sababu kondo ndo linamlisha oksijeni. Akizaliwa ndo deni linadaiwa. Kwahiyo mtoto kucheza vizuri tumboni kusikupe raha ya uongo.

Mapigo yakoje? Kawaida ni kati ya 110 na 160. Pigo la ziada mojamoja lisikushtue, lakini mapigo yakikaa juu ya 200 bila kushuka, hapo moyo unachoka na ndani ya siku chache maji yanaanza kujaa mwilini. Pima na uandike namba, usiandike "FHR nzuri", yaani mapigo ya mtoto mazuri, basi. Wenye rabdomayoma wana tabia ya kuwa na njia ya ziada ya umeme kwenye moyo, ile ya Wolff-Parkinson-White, kwahiyo mbio za moyo zinaweza kuja tumboni, zinaweza kuja baada ya kuzaliwa, na zinaweza kuja hata baada ya uvimbe wenyewe kupungua.

Kuna maji? Mfuko wa moyo, kifua, tumbo, ngozi. Yakiwa sehemu mbili au zaidi tayari ni haidropsi, mtoto anavimba maji mwili mzima, na hapo hatari imepanda sana. Pima pia moyo umechukua sehemu gani ya kifua, ukipita theluthi moja ya eneo la kifua umeshavimba.

Kwa rabdomayoma tunaongeza kitu kimoja, ukubwa. Donge likipita milimita 20, au kukawa na mapigo mabovu, au haidropsi, hao ndo watoto tunaowapoteza zaidi. Asiye na hata kimoja, kwa upande wa moyo peke yake mara nyingi anafanya vizuri tu.

Mimba ikiwa bado

Kama majibu ya maswali matatu ni mazuri, kazi ni kurudia. Kila wiki 2 mpaka 4, mashine ileile na mikono ileile ikiwezekana, kila donge lipewe jina, donge A ukuta wa kati milimita 9 kwa 7, donge B ncha ya kushoto milimita 12 kwa 10, ili mtu wa pili akipima ajue analinganisha nini na nini. Nimeona wenzangu wanaandika "madonge mengi madogo" halafu mwezi unaofuata hakuna anayejua kama yamekua. Kama kuna mbano au maji kidogo, basi kila wiki, wengine mara mbili kwa wiki.

Mapigo yakikimbia tunamtibu mtoto kupitia kwa mama, mama anameza dawa kama digoksini, flekainidi au sotaloli zinavuka kondo. Hiyo sio ya kuanzia zahanati wala nyumbani, mama anapimwa ECG yake kwanza, yaani umeme wa moyo, na damu yake, maana na yeye ana moyo.

Maji yanayobana kwenye mfuko wa moyo, kama kwenye teratoma, yanaweza kuvutwa kwa sindano kupitia tumbo la mama. Yanarudi, lakini yanatununulia wiki, na wiki moja kwa mtoto wa wiki 29 ni mali. Hospitali ya watoto ya Philadelphia huko Marekani wameshafungua mfuko wa uzazi, wakamtoa mtoto kifua, wakakata teratoma, wakamrudisha aendelee kukua. Kwetu huo upasuaji bado haupo na sitaki mzazi asome hapa akatafute pesa za kwenda huko kesho asubuhi, wanaofaa ni wachache mno, lakini ujue kwamba haidropsi ya teratoma mapema sio lazima iwe hukumu. Mimba ikiwa imeshasogea, njia yetu ni kuvuta maji, kumpa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, kuzalisha mapema kwa mpango, na mtoto kwenda kwenye upasuaji.

Kwa rabdomayoma kubwa linaloziba, kuanzia mwaka 2018 kuna ripoti za mama kupewa sirolimusi akiwa mjamzito na madonge yakasinyaa mtoto akiwa bado tumboni. Ni wagonjwa wachache, dawa inapunguza kinga ya mama, na ni ya mtoto ambaye bila hiyo anapotea. Nimeiandika ili ujue ipo, sio ili uombe.

Kuhusu kujifungua. Uvimbe kwenye moyo wa mtoto peke yake sio sababu ya kumpasua mama. Watu wengi wanadhani lazima iwe operesheni. Wengi wanajifungua kawaida, muda ukitimia. Kilicho lazima ni mahali, azalie penye wodi ya vichanga na mtu wa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, na kama kuna mbano azalie karibu na wapasuaji wa moyo wa watoto. Dar tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, Kampala wana Uganda Heart Institute pale Mulago, Kenya upasuaji wa moyo unafanyika Nairobi na pia Tenwek huko Bomet. Mama wa Sumbawanga ambaye mtoto ana mbano asisubiri uchungu ndo aanze safari, ahamie mapema kwa ndugu, hata wiki 3 kabla. Mambo ya nauli, bima na nani atabaki na watoto wengine yaongelewe wiki ya 30, sio ya 38.

Saa na siku za kwanza

Mtoto akitoka, mkaushe, mpe mama, muangalie. Asiyekuwa na mbano tumboni hana haja ya kunyang'anywa mama. Weka kifaa cha kidoleni mkono wa kulia na mguu, linganisha oksijeni. Pima presha mkono na mguu. Sikiliza. Fanya ECG ya waya 12 na eko siku hiyohiyo au kesho yake, sio "akija kliniki ya wiki ya sita".

Mwenye mbano ni habari nyingine. Ile daktasi inafunga yenyewe siku za mwanzo, na kwa mtoto ambaye mlango wa moyo umezibwa na donge, daktasi ndo njia yake pekee. Anaweza kunyonya vizuri siku ya kwanza, siku ya pili anaanza kuwa wa kijivu, anapumua harakaharaka, miguu ya baridi, na wodini wanaanza antibiotiki za maambukizi ya damu kwa sababu dalili zinafanana kabisa. Simlaumu mtu hapo, antibiotiki anza, lakini eko ifanyike. Dawa ya kuiweka daktasi wazi ni prostaglandini ya dripu, inaanzwa kabla haijafunga, na mashine ya kupumulia iwe karibu kwa sababu inaweza kumsimamisha mtoto pumzi. Oksijeni usimmwagie tu, oksijeni nyingi inaisukuma daktasi ifunge.

Moyo ukikimbia, 220, 260, hautulii hata akilala, hiyo sio homa. Chukua ECG wakati unakimbia, hiyo karatasi ni dhahabu, halafu ndo adenosini, dawa ya kuutuliza. Na kama kuna ile njia ya ziada ya umeme, digoksini kaa nayo mbali mpaka mtaalamu wa moyo aseme.

Nani anapasuliwa? Teratoma, ndio, karibu wote na haraka, na ikitoka vizuri mtoto anakuwa amepona. Fibroma, mara nyingi ndio, hata kulipunguza tu kama haliwezi kutoka lote. Rabdomayoma, hapana, isipokuwa linaziba na dawa haijasaidia au hakuna muda wa kusubiri dawa. Na hata hapo mpasuaji anakata kile kipande kinachoziba tu, mengine anayaacha, kwa sababu ukifukuza kila donge unaondoka na misuli ya moyo na umeme wake. Nimewahi kumsikia baba analia kwanini wamemwachia mwanae uvimbe ndani. Nikamchorea. Walifanya sawa.

Dawa ya kusinyaza rabdomayoma ni everolimusi au sirolimusi, zinazima ile njia ndani ya seli inayoitwa mTOR ambayo kwa hawa watoto imebaki imewashwa kama bomba limekatika koki. Zinafanya kazi kwa wiki kadhaa, na ukiacha ghafla madonge yanaweza kurudi kukua kidogo. Mtoto anapimwa kiwango cha dawa kwenye damu, chembe nyeupe, mafuta, anaangaliwa vidonda vya mdomo. Na hapa kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya nje vinalipita haraka. Watoto wetu wanapata BCG na matone ya polio mara tu wakizaliwa, na hizo ni chanjo hai, na dawa hizi zinashusha kinga. Kwahiyo swali la chanjo liamuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa, kadi ya kliniki ikiwa mezani. Dozi siandiki hapa makusudi, na mzazi usikubali mtu akuandikie kwenye simu.

Sasa geuka uangalie kichwa

Mwaka 1862 daktari Mjerumani von Recklinghausen alimfungua kichanga aliyevuta pumzi chache tu akafa, akakuta uvimbe kwenye moyo, na kwenye ubongo akakuta sehemu zimekuwa ngumu. Vyote kwenye mtoto mmoja. Bourneville wa Ufaransa akaja kuuelezea ubongo huo vizuri mwaka 1880. Yaani tangu mwanzo kabisa moyo na ubongo vilikuwa pamoja, na mpaka leo tunampima mtoto moyo, tunampongeza mama, tunamfungia faili.

Huo ugonjwa ni tuberasi sklerosisi, kifupi TSC. Unampata mtoto mmoja kati ya kama 6,000. Wengi wa watoto wenye rabdomayoma wanao, na madonge yakiwa mengi basi uwezekano ni mkubwa sana. Jini mbili ndo zinahusika, TSC1 na TSC2. Kama theluthi mbili ya watoto ni wa kwanza kwenye ukoo wao, mabadiliko yametokea kwake tu, hakuna aliyemrithisha. Lakini mzazi mmoja akiwa nao, kila mimba ina nusu kwa nusu, na mzazi anaweza kuwa nao kidogo tu asijue, ana vipele puani alivyozoea kuviita chunusi na kinyama kidogo pembeni ya kucha. Kwahiyo wakague wazazi wote wawili, na usimkague mama peke yake, ukifanya hivyo umeshaiambia ile nyumba kosa ni la nani.

Kwa mtoto, fanya hivi. Ultrasaundi ya kichwa kupitia utosi inawezekana hospitali nyingi na inaweza kuonyesha vinundu pembeni ya vyumba vya maji vya ubongo. MRI ya kichwa ndo bora, ikipatikana. Ultrasaundi ya figo. Daktari wa macho aangalie nyuma ya jicho. Ngozi, tafuta mabaka meupe yenye sura ya jani, matatu au zaidi, na hapa kumbuka mtoto wetu anazaliwa rangi haijakolea, siku ya kwanza unaweza usione kitu, ukirudia baada ya wiki kadhaa yanajitokeza yenyewe mgongoni na mapajani. Bibi atasema ni mba, au ni maziwa ya mama yamemdondokea. Yahesabu. Taa ya Wood, ile ya mwanga wa zambarau, ikiwepo itumie gizani. Kipimo cha jini kikiwezekana vizuri, ila kikirudi hakina kitu usimfukuze mtoto, asilimia 10 mpaka 15 ya wenye TSC kipimo cha kawaida hakioni kitu.

Halafu EEG, umeme wa ubongo, na hiyo sio mara moja, inarudiwa kila mwezi hivi miezi ya mwanzo, kwa sababu degedege za hawa watoto zinaanza kabla ya mwaka, mara nyingi kuanzia mwezi wa 3 au wa 4. Utafiti wa EPISTOP wa Ulaya, majibu yalitoka 2021, ulionyesha ukianza dawa ya kifafa iitwayo vigabatrini pale EEG inapochafuka kabla mtoto hajashtuka unapunguza kifafa. Utafiti mwingine wa Marekani uliofuata haukuona akili ikiwa bora kwa kuanza mapema, kwahiyo madaktari hawajakubaliana kwenye kila kitu, ila kwenye hili wamekubaliana, spazimu, yaani ile degedege ya kujikunja mfululizo, ikishaanza kila siku inayopita bila dawa mtoto analipa. Vigabatrini ndo dawa ya kwanza kwa TSC na kwetu kuipata sio rahisi, mulizieni famasi na daktari mapema mtoto akiwa bado mzima. Inaweza kugusa macho, wafuatiliwe. Steroidi ni mlango wa pili, na kwa mwenye donge kubwa la moyo rudia eko ukizianza, maana kuna watoto wa sindano za ACTH, homoni inayoamsha steroidi za mwili, madonge yao yaliripotiwa kukua.

Moyo wenyewe usiachwe pia. Asiye na dalili anarudia eko kila mwaka mmoja mpaka mitatu mpaka madonge yaishe, na ECG hata baada ya hapo kila miaka 3 mpaka 5.

Mama, hii ya mwisho ni yako

Spazimu haifanani na degedege uliyoizoea. Mtoto hatoi povu, hakakamai dakika tano. Anakunja kichwa na kiuno mara moja kama anashtuka, mikono inafunguka au inajikumbatia, sekunde moja mbili anaachia, halafu tena, halafu tena, kumi, ishirini, mfululizo, hasa akitoka usingizini, na mwishoni analia. Watu watakwambia ni chango. Watakwambia kashtuliwa. Watamfunga kitu mkononi. Mtoto aliyekuwa anacheka na wewe anaanza kutokukutazama.

Yule mama wa karatasi iliyokunjwa alijifungua kawaida, wiki ya 39, mtoto wa kiume, madonge yote mawili yalikuwepo na ukubwa uleule na moyo haukuwa na shida. Mwezi wa 4 akanitumia video saa 12 asubuhi, sekunde 40, mtoto yupo kwenye kanga anajikunja, anaachia, anajikunja. Hakusubiri kliniki. Mchana huohuo tulikuwa kwenye EEG na dawa ikaanza siku hiyo.

Kwahiyo simu yako iwe na chaji na nafasi. Ukiona, usimtikise, mfungulie nguo uone mikono na miguu, washa taa, rekodi mwili mzima kuanzia mwanzo mpaka mfululizo uishe, hesabu kwa sauti ili tukusikie, halafu taja tarehe na saa kabla hujazima.